Je, Wajua Kioo cha Mtazamiaji Hupataje Majibu Katika Mchezo wa Kuvaa Uhusika?

Chukulia kwamba vijana wa Bagamoyo wamekutana usiku katika ua wa nyumba ya mawe, wamevaa majoho na vilemba, na kwa saa kadhaa wamekubaliana kuwa raia wa ufalme wa kubuni ambao siwa yake, ile baragumu ya enzi waliyokuwa nayo watawala wa pwani, imeibwa. Mmoja wao ni mtazamiaji, yaani mwaguzi anayetafuta mambo ya siri katika kioo. Anainamia kioo, anakitazama kimya kwa muda, kisha anainuka na kutamka kwamba siwa imefichwa na mtu aliyekula chakula pamoja na mfalme jioni ile ile. Baadaye inathibitika kuwa alisema kweli, ingawa kila aliyekuwepo anajua kwamba kioo ni kioo tu na kwamba mtazamiaji hakunong'onezwa chochote na mwizi. Jibu hilo lilitoka wapi?

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Mchezo wa kuvaa uhusika hufanana na tamthilia kwa maleba na vifaa vyake, lakini hauna mswada wala watazamaji, kwa kuwa kila aliyepo ni mhusika na hutunga maneno yake papo hapo. Mwanafunzi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo anayefanya mazoezi ya jukwaani hujua mapema tamthilia itaishaje, ilhali mchezaji wa mchezo huu hajui. Nchini Uingereza, michezo ya namna hii yenye mandhari ya uchawi na mashujaa ilikuwa ikichezwa katika kasri la Peckforton tangu mwaka 1982, na nchi za Nordiki, zilizo kaskazini mwa Ulaya, zimekuwa na mkutano wa kila mwaka wa watunzi na wachezaji wake tangu mwaka 1997.

Anayeyajua yote ni mwamuzi, yaani msimamizi wa mchezo. Kabla ya mchezo kuanza, yeye na watunzi wenzake huandika siri za kila mhusika: nani ana deni, nani ni mwana wa nani, nani aliichukua siwa na kuificha wapi. Kioo cha mtazamiaji, kwa hiyo, ni mlango rasmi wa kuzifikia siri hizo. Mtazamiaji anapokiinamia, mwamuzi husogea karibu, naye huhesabiwa kuwa hayumo katika tukio, kisha humnong'oneza jibu au humpa bahasha iliyofungwa. Njia ninayoipenda zaidi ni ya karatasi iliyoandikwa kinyumenyume, ambayo husomeka pale tu inapoelekezwa kwenye kioo, kwa sababu hapo kifaa chenyewe kinafanya kazi na mchezaji halazimiki kujifanya anaona kitu. Wengine hutumia kioo cha kawaida cha dirisha. Upande wa mtazamiaji ukiwa na mwanga na nyuma ya kioo pakiwa giza, atajiona mwenyewe, lakini taa yake ikififishwa na nyingine ikawashwa upande wa pili, atamwona mwigizaji aliyeketi huko. Tabia hiyo hiyo ya kioo kitupu, inayokiwezesha kurudisha mwanga na kuupitisha kwa wakati mmoja, ndiyo aliyoitumia mwanasayansi Mwingereza John Henry Pepper mwaka 1862 kuwaonyesha watu wa London mzuka jukwaani.

Ugumu mkubwa haumo katika vifaa bali katika swali. Mtazamiaji akiuliza nani aliiba siwa, mwamuzi anaweza kumjibu kwa hakika, kwa kuwa jambo hilo limekwisha kuandikwa. Akiuliza nani atatawala kesho, hakuna binadamu awezaye kujibu, kwani kesho ya mchezo iko mikononi mwa wachezaji wote, na mmoja wao akikataa kupigana au akioa upande wa adui, utabiri utaanguka. Mwamuzi akishikilia utabiri wake, itambidi awasukume wachezaji kuelekea huko, na hapo uhuru ambao ndio roho ya mchezo utakuwa umekufa. Ndiyo sababu nashikilia kwamba kioo katika mchezo kifunue yaliyofichika na yaliyopita, na kama ni lazima kiguse yajayo, kitaje sharti: mlango wa kaskazini ukifunguliwa kabla ya alfajiri, mgeni ataingia. Jibu la aina hiyo ni la kweli bila kumfunga mtu. Inafaa pia maswali yawekewe mpaka, mathalani swali moja kwa usiku, kwa sababu kioo kinachojibu kila kitu huwanyima wapelelezi na wasuluhishi wa mchezo kazi yao.

Hata hivyo, wapo watazamiaji wanaoapa kwamba waliona kitu kabla mwamuzi hajafungua kinywa, na hawasemi uongo. Mwaka 2010 mwanasaikolojia Mwitalia Giovanni Caputo alichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu 50 waliutazama uso wao kwenye kioo kwa dakika 10 katika chumba chenye mwanga hafifu. Asilimia 66 waliona sura yao ikiharibika vibaya, asilimia 28 waliona mtu wasiyemjua, na asilimia 48 waliona viumbe vya ajabu au vya kutisha. Sehemu ya maelezo iko kwenye jambo lililogunduliwa na Ignaz Troxler mwaka 1804, kwamba jicho likikazwa mahali pamoja, vitu vilivyo pembeni hufifia na kutoweka. Ubongo, ambao una bidii ya pekee ya kutambua nyuso, huonekana kuziba mapengo hayo kwa sura nyingine.

Wa kale waliyaona haya. Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyekiandika kitabu chake Muqaddima mwaka 1377, alieleza kwamba wanaotazamia kwa vioo na mabakuli ya maji hawaoni kitu juu ya kioo chenyewe, bali hukikodolea macho hadi kitoweke, na kati yao na kioo hutokea pazia kama wingu ambamo picha hujitokeza. Kioo kinachohusishwa na John Dee, msomi wa Uingereza aliyeishi zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambacho uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulithibitisha kuwa jiwe lake jeusi la volkeno lilitoka Pachuca, Meksiko, hutoa taswira ya giza, na giza hilo linafaa kabisa kwa kazi hii.

Katika mji kama Bagamoyo, ambako wapo wanaomwendea mpiga ramli kwa dhati na wapo wengi zaidi wanaoliona jambo hilo kuwa haramu, mchezo usiazime aya za dini wala majina ya mizimu na majini wanaoogopwa mitaani. Ufalme wa kubuni ubuniwe pamoja na mizimu yake. Taa ziwe za betri, kwa kuwa kibatari na majoho mapana ni hatari, na mchezaji akishtushwa na anachokiona, mwanga uwashwe mara moja na mchezo usimame hadi atulie.

Mchezaji akiwa mtulivu, mwamuzi hodari humuuliza kwanza ameona nini. Akijibu kwamba ameona mwanamke mzee asiyemjua, jambo ambalo halimo katika karatasi yoyote, mwamuzi anaweza kulikubali, kuliandika, na kuwaarifu watunzi wenzake kwamba tangu dakika hiyo mwanamke huyo yumo katika ufalme, naye ana habari za siwa.