"Tutaleta kwa maandishi": dhana potofu na ukweli kuhusu maafisa wanaohojiwa na kamati za Bunge

Kipande cha video kinachosambaa huwa ni kilekile. Mbunge amesogelea kipaza sauti, mishipa ya shingo imemsimama, anauliza pesa ziko wapi. Ng'ambo ya meza afisa anafunua faili, analifunga, anageuka nyuma. Huko nyuma wameketi wahasibu na wanasheria wa taasisi, safu mbili nzima, na mmoja anampenyezea kikaratasi kilichokunjwa. Afisa anakisoma, anakohoa kidogo, kisha anasema: "Kupitia kwako Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaomba muda tulete majibu kwa maandishi." Watazamaji wanacheka, wanaandika "leo kapatikana", wanahamia video nyingine. Mimi nikisikia hilo neno "kwa maandishi" najua aliyepatikana ni nani, na si yule afisa.

Nitazungumzia zaidi Kenya, ambako vikao vingi vya kamati hurushwa hadharani, na kuvuka mpaka kwenda Tanzania pale ambapo mambo yanafanana.

Dhana: Mbunge akifoka, afisa amekwisha

Afisa mzoefu anapenda kufokewa. Kikao kina saa zake, hoja za ukaguzi (maswali ya wakaguzi wa hesabu za serikali) ni nyingi, na kila dakika ya hotuba ni dakika ambayo hakuna aliyeuliza hati ya malipo iko wapi na nani aliitia sahihi. Swali linalomtoa afisa jasho huwa fupi na la sauti ya chini: "Mkataba ulisainiwa tarehe ngapi? Malipo ya kwanza yalitoka tarehe ngapi?" Malipo yakitangulia mkataba, hakuna kikaratasi cha kumwokoa. Swali kama hilo halisambai mitandaoni, kwa hiyo halina wapenzi wengi.

Kukwepa kwenyewe hakufanyiki mdomoni. Hufanyika kwa makaratasi na kalenda. Wakaguzi wanapopita ofisini wanaomba stakabadhi, wanaambiwa hazijaonekana, mtunza kumbukumbu yuko likizo. Hoja inaandikwa kwenye ripoti. Siku ya kuhojiwa, miezi mingi baadaye, stakabadhi zilezile zinaingia ukumbini ndani ya katoni, zimepangwa vizuri, zina vichupo vya rangi. Kamati ifanye nini? Ikizikataa, inaonekana imemnyima mtu haki ya kujitetea. Ikizipokea, lazima zirudi kwa Mkaguzi Mkuu zihakikiwe, na hoja inaahirishwa. Kumnyima mkaguzi nyaraka ni kosa chini ya Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya Kenya ya mwaka 2015, lakini katoni ikishafika mezani watu hugeukia yaliyomo ndani yake na kusahau kuuliza ilikuwa wapi.

Sasa weka kalenda juu yake. Ibara ya 229 ya Katiba ya Kenya inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani hadi Desemba 31, kisha inalipa Bunge miezi mitatu kujadili ripoti na kuchukua hatua. Kwenye karatasi ni mwendo wa kasi. Kamati, hata hivyo, mara nyingi hujikuta zikihoji hesabu za miaka iliyokwisha pita, na hapo ndipo linapozaliwa jibu tamu kuliko yote.

Dhana: "Sikuwepo wakati huo" inamaliza maneno

Jibu hili lina ukweli nusu, na ndiyo maana linafanya kazi. Aliyeketi mbele ya kamati huenda kweli alihamishiwa hapo majuzi. Ila ofisi haihami. Anayepokea ofisi anapokea na mafaili yake, na hoja inaelekezwa kwa ofisi.

Kuhusu mwenzake aliyeondoka, Ibara ya 226(5) haina mafumbo: mwenye wadhifa wa umma akielekeza au kuidhinisha fedha zitumike kinyume cha sheria, atawajibika kwa hasara na atailipa, awe bado yuko kazini au ameondoka. Kustaafu hakufuti. Kuhamishwa hakufuti. Kinachofuta, kwa vitendo, ni kamati kutomwita yule wa zamani kwa jina. Kamati ikiridhika na "sikuwepo", aliyekuwepo anaendelea kupalilia shamba lake kwa amani.

Dhana: Waziri ndiye mwenye majibu yote

Mwenye dhamana ya hesabu ni afisa masuuli. Wizarani Kenya huyo ni Katibu wa Wizara, Tanzania ni Katibu Mkuu. Waziri anasimamia sera. Mgawanyo huu una maana yake, lakini umegeuzwa mchezo wa danadana: waziri anasema hayo ni ya kitaalamu muulizeni katibu, katibu anasema ule ulikuwa uamuzi wa kisera. Dawa yake ni kuwaita wote wawili siku moja, meza moja.

Dhana: Jambo likiwa mahakamani, kamati imefungwa mdomo

Wanasheria wa serikali wanaitegemea sana hii. Kanuni ya 89 ya Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa la Kenya haisemi hivyo. Lazima kesi iwe hai, na mjadala uwe na uwezekano wa kuharibu uamuzi wa haki. Anayedai hivyo ndiye anayepaswa kuleta ushahidi, na Spika bado anaweza kuruhusu jambo lizungumzwe. Mwenyekiti makini anauliza: kesi namba ngapi, mahakama ipi, ni nani na nani? Ukimya unaofuata huwa mtamu.

Dhana: Anayegoma kuitwa hana la kufanywa

Lipo. Ibara ya 125 ya Katiba ya Kenya inazipa kamati mamlaka kama ya Mahakama Kuu katika kuita mashahidi, kuwaapisha na kudai nyaraka. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu mamlaka na haki za Bunge inaruhusu faini ya hadi shilingi 500,000 kwa anayeitwa asifike. Magavana walibishana na Seneti kwa miaka kuhusu nani wa kufika mbele ya nani, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua, Oktoba 7, 2022, kwamba gavana anapaswa kulijibu Seneti kuhusu fedha za kaunti. Mzozo wa sheria uliisha. Mzozo wa visingizio unaendelea, maana kwa mtu anayesimamia bajeti ya mabilioni, nusu milioni ni kama nauli.

Dhana: Hati safi maana yake hakuna aliyeiba

Hii imewaingia hata waandishi wa habari, hasa Tanzania, ambako halmashauri ikipata hati safi hupongezana. Hati ya mkaguzi inasema jambo moja: hesabu zilizoandikwa zinaonyesha hali halisi ya fedha. Chukua mfano wa zahanati. Wananunua mashine kwa bei mara tatu ya ile ya sokoni, zabuni ina sahihi zote, stakabadhi ipo, mashine imeandikwa kwenye daftari la mali. Haijawahi kuwashwa, imefunikwa shuka stoo. Kihesabu, hapo hakuna tatizo, hati inaweza kutoka safi kabisa. Kwa hiyo afisa akianza utetezi wake kwa kusema "taasisi yetu ina hati safi miaka mitatu mfululizo", bado hajajibu alichoulizwa.

Dhana: Kamati ikikamilisha uchunguzi, mhusika ataondoka

Kamati haihukumu, inapendekeza. Na wakati mwingine inamsafisha mtu.

Mwaka 2024 ilibainika kuwa wakulima wa Kenya walikuwa wameuziwa mbolea feki kupitia mpango wa ruzuku ya serikali. Mbunge wa Bumula, Jack Wamboka, alileta hoja ya kumng'oa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Mei 2 wabunge 149 waliiunga mkono, 36 wakaipinga. Wengi walidhani amekwenda na maji. Katiba, hata hivyo, inataka kura hiyo ifuatwe na kamati teule ya wabunge 11, na kamati ikisema tuhuma hazikuthibitishwa, mambo yanaishia hapo hapo. Mei 13 kamati iliyoongozwa na Naomi Waqo ilitoa uamuzi: saba kwa wanne, tuhuma hazijathibitishwa. Wale 149 hawakupewa nafasi ya kupiga kura tena. Watu saba walizima kura ya watu 149, kihalali kabisa.

Linturi aliondoka Julai 11 mwaka huohuo, kwa mlango mwingine: Rais Ruto alilivunja karibu baraza zima la mawaziri baada ya maandamano ya vijana. Kilichomtoa hakikuwa kamati.

Dhana: Kujiuzulu ndiko kuwajibika

Lugha yenyewe imetuchezea. Katika siasa za Tanzania "amewajibika" imekuja kumaanisha "amejiuzulu", na mfano unaotajwa kila mara ni wa Ali Hassan Mwinyi, aliyeachia uwaziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970 kwa makosa ya watu walio chini yake, kisha akaja kuwa Rais mwaka 1985. Ulikuwa uungwana. Lakini kuwajibika ni kujibu, na mtu anaweza kujiuzulu bila kujibu chochote.

Februari 2008, ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, chini ya Harrison Mwakyembe, ilisomwa Dodoma. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu, na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha wakafuata. Bunge halijawahi kuwa na nguvu kama siku zile. Ila Lowassa aliposimama alilalamika kwamba kamati haikumhoji. Malalamiko hayo yaliishi miaka mingi na kumpa hoja ya kujitetea, na mwaka 2015 akagombea urais kupitia upinzani na kupata karibu asilimia 40 ya kura. Kamati ilimpata, haikupata majibu yake.

Kenya wana msamiati wao: "kukaa kando". Februari 2006 mawaziri wawili walikaa kando: Kiraitu Murungi kwenye kashfa ya mikataba ya Anglo Leasing, George Saitoti kwenye kashfa ya dhahabu ya Goldenberg. Novemba ya mwaka huohuo walikuwa wamerudi barazani. Likizo ndefu kidogo.

Dhana: Katika chumba kile, mkwepaji ni afisa peke yake

Agosti 2018 Bunge la Taifa la Kenya liliitupa ripoti ya kamati zake lenyewe kuhusu sukari ya magendo, iliyokuwa imewagusa mawaziri. Baadaye wabunge wenyewe walidai wenzao waligawiwa pesa kwenye korido na vyooni, wengine shilingi 10,000 tu. Tanzania, Julai 2012, Spika Anne Makinda aliivunja Kamati ya Nishati na Madini kutokana na tuhuma za rushwa. Kwa hiyo unapomwona mbunge anafoka, si vibaya kujiuliza anamfokea nani na kwa niaba ya nani.

Kuna kikao kimoja ambacho sijakisahau. Mkaguzi Mkuu wa Tanzania, Profesa Mussa Assad, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa akasema Bunge ni dhaifu katika kufuatilia ripoti zake. Alieleza baadaye kwamba "udhaifu" ni neno la kawaida la wakaguzi, wanaliandika kwenye kila ripoti. Spika Job Ndugai aliamuru afike mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge. Januari 21, 2019 alifika Dodoma akahojiwa. Hakuomba kuleta majibu kwa maandishi. Aprili 2 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye, Novemba nafasi yake ikapewa Charles Kichere, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulivunja Katiba.