Nguzo za Bazalti Si Fuwele

Kila picha ya genge la mwamba la Rubini inapopita mtandaoni, hakosi mtu wa kuandika chini yake: "Oneni fuwele hizo!" Hapana jamani. Zile ni nguzo za bazalti, yaani vipande virefu vya mwamba vilivyoachwa na nyufa pale rojo la volkeno lilipopoa. Genge lenyewe liko kisiwa cha Hooker, katika visiwa vya Franz Josef Land nchini Urusi, kaskazini ya latitudo ya 80, na mwamba wake una zaidi ya miaka milioni 100.

Fuwele hukua. Atomi zinajipanga safu kwa safu, na pembe zake hazibadiliki. Nguzo haikui, inakatwa. Rojo la bazalti hutoka na joto la nyuzi 1,100 za Selsiasi au zaidi. Likishaganda huendelea kupoa na kusinyaa, lakini limebanwa pande zote, halina pa kujivutia. Linapasuka, kama tope la bwawa lililokauka. Nyufa huanzia kwenye uso uliotangulia kupoa, kisha hufuata ubaridi kwenda ndani, na zinapokutana tatu hupendelea kuachiana nafasi sawa, nyuzi 120 hivi. Ndiyo maana pande sita ni za kawaida. Ni za kawaida tu, si sheria: ukihesabu vizuri utakuta nguzo za pande tano, hata saba. Fuwele ya madini ya kwatzi haina uhuru huo.

Halafu tazama zinakoelekea. Pale Rubini nyingine zimesimama, nyingine zimelala, nyingine zimepinda kabisa. Kwa kuwa ufa hukata kwa pembe mraba na uso unaopoa, kila nguzo inakuonyesha ubaridi uliingilia upande gani. Habari hiyo huipati kwenye umbo la fuwele. Nguzo zikivunjika vichwa huacha vidaraja, na hapo ndege wa baharini hujazana kuzalia. Wengine hutaga juu ya jiwe tupu, bila hata kijiti cha kiota.

Ila anayesema fuwele hajapotea sana. Fuwele zimo kweli humo, za madini yaitwayo plajioklesi na piroksini, ila nyingi ni ndogo mno, utazihitajia hadubini. Amekosea ukubwa tu.