Kwaya ndogo za wanachuo wa kike: zilikotoka, na kwa nini hazipungukiwi besi

Kila kwaya yangu inapomaliza kuimba, hakosi mtu wa kuniuliza wanaume tutawaingiza lini. Anayeuliza hana nia mbaya. Amezoea sauti nne, soprano na alto za wanawake, tenor na besi za wanaume, na akisikia wanawake watupu anaona kama kuna nafasi iliyoachwa wazi. Ninafundisha kwaya ya aina hii na ninaisoma historia yake, na jibu langu huanzia mbali kidogo, kwenye milango ya vyuo vikuu.

Tazama Norwei. Wanafunzi wa kiume wa chuo kikuu cha mji mkuu, ambao leo ni Oslo, walikuwa na kwaya yao tangu 1845. Wanawake waliruhusiwa kisheria kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu mwaka 1882. Walipofika, kwaya ya chuo haikuwa yao. Mwaka 1895 wakaunda Kvindelige Studenters Sangforening, ambayo inaimba hadi leo na hutajwa kuwa kongwe kuliko kwaya zote za wanachuo wa kike duniani. Miaka kumi na mitatu tu toka mlango ufunguliwe! Kule Helsinki, Ufini, walisubiri zaidi: Akademiska Sångföreningen ya wanaume ni ya 1838, na Lyran ya wanawake ikaja 1946.

Marekani mambo yalienda kwa njia nyingine, kwa sababu wanawake walijengewa vyuo vyao. Harvard haikuwapokea, kwa hiyo walisoma Radcliffe, jirani yake, na huko ikaanzishwa Radcliffe Choral Society mwaka 1899. Mwaka 1917 iliungana na wanaume wa Harvard kuimba pamoja na Boston Symphony Orchestra. Ninaipenda habari hiyo kwa sababu moja: wanawake hawakuitwa kujaza pengo la mtu, walikuja wakiwa kwaya iliyokwisha kuiva.

Lakini kuimba kwa wanawake peke yao, tena kwa noti ngumu, ni jambo la zamani kuliko vyuo hivyo. Venice karne ya 18, wasichana waliolelewa katika Ospedale della Pietà, makao ya watoto waliotelekezwa, walifundishwa muziki kwa kiwango kilichowavuta wasafiri kutoka Ulaya nzima, ingawa waliimba nyuma ya wavu wa chuma bila kuonekana vizuri. Mtunzi Vivaldi aliajiriwa pale mwaka 1703 kufundisha fidla.

Kwangu mimi, hata hivyo, mzizi wa kwaya ndogo ya wanawake kama tunavyoijua sasa uko Hamburg, mwaka 1859. Mtunzi wa Kijerumani Johannes Brahms alikuwa na miaka 26, jina bado halijakua. Aliwakusanya wanawake vijana, wengi wao wanafunzi wa muziki, na wakawa wanafanya mazoezi kila wiki kwenye nyumba za watu. Hawakuwa na vitabu vya noti vilivyochapwa. Kila mwimbaji alinakili sauti yake kwa mkono kwenye daftari, na baadhi ya madaftari hayo yapo hadi leo. Ukiyafuata unaona jinsi nyimbo zilivyokuwa kabla Brahms hajazirekebisha na kuzichapisha. Mwaka 1860 aliwaandikia kanuni: atakayechelewa au kukosa mazoezi alipe faini, na fedha wapewe maskini. Nani aliyewahi kufundisha kwaya asiyeielewa kanuni hiyo?

Kwaya ile haikudumu miaka mingi, lakini iliacha nyimbo. Mojawapo ni opus 17, yaani kazi yake iliyopewa namba 17, nyimbo nne za wanawake zikiandamana na pembe mbili za okestra na kinubi. Sikiliza jinsi kazi ilivyogawanywa. Pembe zinashika eneo la chini na la kati, pale ambapo sikio la wengi lingetegemea wanaume, na kinubi kinatandika nyuzi zake toka chini kabisa mpaka juu ya soprano. Brahms hakuandika kwaya ya sauti nne akafuta mbili. Aliipima sauti aliyokuwa nayo mbele yake kila wiki, akaizungushia ala zinazoifaa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kwaya ya mchanganyiko ina karibu oktava nne za kuchezea (oktava moja ni toka do hadi do inayofuata). Sisi tuna mbili na nusu hivi. Sauti zetu hukaa karibu karibu, na zikikaa karibu, kosa dogo la ulinganifu linasikika palepale. Hakuna besi nzito ya kulifunika. Kwenye kwaya ya watu ishirini, mmoja akiimba irabu "a" wazi sana wakati wenzake wameizungusha, akordi nzima, yaani noti zote zinazosikika pamoja, inachafuka. Ndiyo maana nusu ya mazoezi yetu ni irabu tu.

Mzigo mkubwa unamwangukia alto wa pili, anayeimba sauti ya chini kabisa. Yeye ndiye msingi, na mara nyingi anapewa sol iliyo chini ya do ya kati, au chini zaidi. Msichana wa miaka 19 sauti yake bado inakomaa. Akisukuma ile sol kwa kifua ili isikike kama besi, atachoka mapema na anaweza kujiumiza. Ninawafundisha waiimbe kwa wepesi na wote wa juu wapunguze. Msingi unasikika vizuri tu wengine wakitulia.

Ukitaka kusikia ukaribu huo ukigeuzwa kuwa nguvu, sikiliza "This Little Babe" katika A Ceremony of Carols ya mtunzi wa Kiingereza Benjamin Britten. Ubeti wa kwanza wote wanaimba sauti moja. Kisha kundi moja linafuata jingine nyuma kwa pigo moja tu, halafu makundi yanakuwa matatu. Sauti zinagongana kwa sababu zote ziko eneo moja. Ukimpa besi sehemu mojawapo, mgongano unapotea. Siku hizi wengi huihusisha na wavulana, lakini mara ya kwanza, Norwich, Desemba 1942, waliiimba wanawake.

Vyuo vya wanawake vilipoanza kupokea wanaume, Vassar kwa mfano mwaka 1969, kwaya nyingi za aina hii ziligeuzwa za mchanganyiko. Likazuka tatizo jipya. Kwenye usaili wa kwaya za vyuo kwa kawaida wanawake huja wengi kuliko wanaume, na ili sauti zilingane, wasichana hodari wanakataliwa wakati karibu kila tenor anachukuliwa. Waliobaki huundiwa kwaya ya wanawake, ambayo hapo hapo inahesabiwa ya daraja la pili na kupewa nyimbo za sauti nne zilizopunguzwa. Hilo linanikera. Nyimbo zilizoandikwa kwa sauti hizi zipo, toka kwa watunzi kama Lili Boulanger, Holst, Kodály, Poulenc na wengine, na mwalimu anayeacha kuzitafuta anawanyima waimbaji wake haki yao.

Msimu huu tunaimba opus 17 yote. Wapiga pembe wawili tumeshawapata. Mpiga kinubi bado tunamtafuta.