Msiniletee mtu mnene mkasema ni mraibu wa chakula

Wiki hii tena. Mama mmoja, wakala wa miamala ya simu pale Kirumba, Mwanza, kaletwa na wifi yake. Hata sijamkaribisha kiti, wifi ameshatoa jibu: "Daktari, huyu ana uraibu wa chakula, si unamwona mwenyewe?"

Nilichokiona ni uzito. Uzito hauniambii mtu anakulaje, kwa hiyo nikamuuliza mwenyewe. Asubuhi chai ya sukari na maandazi mawili, mchana ugali na sato wa kukaanga, soda, usiku wali. Hafakamii, hajifichi, akishiba anaacha. Anashinda kibandani amekaa mpaka usiku, na mama yake na dada zake wana umbo hilohilo. BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 34. Hicho ni kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza, na kina tiba yake. Uraibu umetoka wapi?

Ninayemhofia ni mwingine, na hakuna ndugu anayemleta. Binti wa chuo, uzito wa kawaida kabisa. Mchana haruhusu kitu tumboni ili boom, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, limfikishe mwisho wa muhula. Usiku anafunga mlango, anamaliza chipsi mayai sahani mbili na mkate mzima, haraka haraka, hata ladha haisikii. Anataka kuacha, mkono hauachi. Kisha analia. Hapo ndipo penye ugonjwa, ule wa kufakamia: chakula kingi ndani ya muda mfupi, tuseme muda wa saa mbili, na kushindwa kujizuia, walau mara moja kwa wiki kwa miezi 3. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, iliutambua rasmi mwaka 2013, na katika vigezo vyake uzito haumo. Akianza kutapika ili kufidia, tunazungumzia bulimia.

Uraibu wenyewe? Mimi bado nasitasita. Dodoso la Yale la kupima uraibu wa chakula lipo tangu 2009, lakini DSM-5 na ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, hazijaukubali kama ugonjwa. Nawasikia watu wakieleza biskuti na aiskrimu kama mlevi anavyoieleza gongo, siwezi kuwaambia wanadanganya. Hakuna aliyewahi kuniambia kashindwa kuacha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Daima ni vile vyenye sukari na mafuta pamoja. Wengi wanaofakamia hupata alama za juu kwenye dodoso hilo, wengine hawapati, na wanene wengi hawana hili wala lile.

Kinachonikera ni dawa inayokuja na neno "uraibu": "Aache." Gongo utaiacha kabisa, chakula utakiachaje? Anayefakamia ukimwambia afunge, ashindie maji ya limau, umemwandalia usiku mbaya zaidi. Tiba yake huanza na kula: milo mitatu kwa saa zake, na kitafunwa katikati. Na nikiri jambo ambalo ndugu hawapendi kulisikia: tiba ikifaulu, kufakamia hupungua, kilo mara nyingi hubaki palepale.

Yule mama tumeanza na soda na sukari ya chai. Binti hii ni wiki ya tatu anakula mchana, na usiku mbili kati ya saba bado anafunga mlango.