Toksoplazmosi ya retina: doa jeupe kando ya kovu la zamani

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga. Ukivimba, ugonjwa huitwa retinitisi. Chanzo chaweza kuwa kaswende, kifua kikuu, virusi vya mkanda wa jeshi, au kimelea Toxoplasma gondii, ambacho ndicho tunachokieleza hapa.

Kimelea hiki huingia mwilini kupitia nyama isiyoiva vizuri, au maji, mboga na udongo wenye kinyesi cha paka. Wengine huzaliwa nacho. Hujificha ndani ya retina kwa miaka, kisha huamka.

Mgonjwa huona ukungu na vidoa vinavyoelea kama vijinzi. Mara nyingi jicho halina tongotongo wala maumivu makali, ndiyo maana watu huchelewa. Daktari hutanua mboni kwa matone, akaona doa jeupe lenye kingo zilizofifia, kando yake kovu jeusi la zamani. Ute unaojaza ndani ya jicho ukichafuka sana, doa hilo huonekana kama taa ya gari kwenye ukungu.

Doa dogo lililo pembeni, kwa mtu mwenye kinga nzuri, huweza kupoa lenyewe ndani ya wiki 4 hadi 8. Likiwa karibu na makula, sehemu ya retina tunayosomea, au karibu na mshipa wa fahamu wa jicho, halingojewi. Dawa inayopatikana kwa urahisi ni kotrimoksazoli, ile Septrin ya kila siku: miligramu 960 mara mbili kwa siku, wiki 4 hadi 6. Wenye mzio wa salfa hupewa nyingine. Upele, malengelenge au vidonda mdomoni vikitokea, dawa isimamishwe na mgonjwa awahi hospitali siku hiyohiyo.

Mpangilio wa dawa ndio unaokosewa zaidi. Prednisoloni ya kutuliza uvimbe huongezwa siku 1 hadi 3 baada ya dawa ya kuua kimelea, kamwe si peke yake: hushusha kinga, na kimelea kikatafuna retina bila kizuizi. Matone ya steroidi, jamii ya dawa iliyo na prednisoloni, nayo husaidia sehemu ya mbele tu ya jicho. Retina hayaifikii vya kutosha.

Dawa haziondoi kimelea kilichojificha, wala kovu halifutiki. Ugonjwa ukirudi, kwa kawaida huanzia ukingoni mwa kovu. Mgonjwa azoee kufunika jicho moja na kusoma kwa lingine, ili apime kila jicho peke yake. Vijinzi vikiongezeka, arudi kliniki.