Je, wajua kwa nini kitambaa cha kufuma hujikunja pembeni?

Umeanzisha vitanzi 30, umefuma sentimita 20 kwa uangalifu, hakuna kitanzi kilichoponyoka. Unaiweka kazi mezani, na skafu uliyotaraji ilale bapa inajiviringisha kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Unainyoosha kwa kiganja, inatulia. Ukiondoa mkono, inarudi kulekule. Anayeanza kufuma hudhani amekaza mno, au muuza uzi kamuuzia uzi mbovu. Hakuna hata moja. Kitambaa hicho kingejikunja hata mikononi mwa fundi wa miaka 40, kwa sababu kujikunja kumo ndani ya kitanzi chenyewe.

Unaweza kuliona jambo hili bila kushika sindano. Tafuta fulana kuukuu. Fulana haikusukwa kama kanga. Imefumwa kwa mashine, kwa vitanzi vya namna ileile ya sweta, ila ni vidogo mno. Kata kipande cha mraba, sentimita 15 kila upande, ukilaze upande wa nje ukiwa juu. Kivute kwa upana, kisha kivute kwa urefu. Makali ya juu na ya chini yatajiviringisha kuja usoni, na makali ya kushoto na kulia yatakwenda mgongoni. Mafundi cherehani wanaoshona jezi huitumia tabia hii: wakishindwa kujua upande wa nje ni upi, huvuta kwa upana ukingo uliokatwa na kuangalia unakoelekea kujikunja. Huko ndiko usoni.

Fanya vivyo hivyo na kipande cha kanga. Kitafumuka nyuzi, basi. Hakitajikunja, maana uzi wa kanga unapita karibu moja kwa moja, mara juu ya mwenzake mara chini. Uzi wa fulana na wa sweta umepindwa, tena umepindwa kila milimita chache.

Sasa chukua chelewa moja ya ufagio, uipinde kama upinde wa mshale. Utaisikia ikikusukuma vidole, inataka kunyooka. Uzi nao ni hivyohivyo, hasa wa sufu. Kitanzi cha kawaida hutengenezwa kwa kuuvuta uzi kutoka nyuma kuja mbele kupitia kitanzi cha chini yake. Kwa hiyo ukikitazama kwa ubavu, miguu yake imeanzia nyuma, kiwiliwili kimejitokeza mbele, na kichwa kimerudi nyuma tena kujificha nyuma ya miguu ya kitanzi kinachofuata. Ni upinde ambao tumbo lake liko mbele. Upinde huo ukijinyoosha, ncha zake mbili, ya juu na ya chini, husogea mbele. Ndiyo maana ukingo wa juu na wa chini hukunjamana kuja usoni.

Kigeuze kitambaa utazame mgongo wake. Herufi V zilizokuwa usoni hazipo. Kuna vinundu, yaani nusu duara zilizopangana kwa mlalo. Hizo nazo ni pinde, ila tumbo lao liko nyuma na ncha zao zimeingia mbele. Zikijinyoosha, ncha hurudi nyuma, na kingo za ubavuni huzifuata. Katikati ya kitambaa kila kitanzi kinazuiwa na jirani yake. Pembeni jirani hayupo. Na usidharau nguvu ya uzi mmoja: vitanzi 30 kwa mistari 60 ni vitanzi 1,800, vyote vinasukuma upande uleule.

Hapo ndipo dawa inapopatikana. Kama shida ni vitanzi vyote kuelekea upande mmoja, vichanganye. Katika kufuma kwa sindano mbili kuna kitanzi cha usoni (uzi uko nyuma ya kazi, sindano inaingia kutoka mbele kwenda nyuma) na kitanzi cha mgongoni (uzi uko mbele, sindano inaingia kutoka nyuma kuja mbele). Kwa kweli ni kitanzi kimoja kinachotazamwa pande mbili: V ukikiona kwa mbele, kinundu ukikiona kwa nyuma. Kitambaa kinachojikunja ni kile ambacho mstari mmoja umefumwa wote usoni, na wa kurudi wote mgongoni, hivi kwamba V zote zimekaa upande mmoja.

Ukifuma usoni kila mstari, kwenda na kurudi, mistari inapishana: mmoja unaonyesha V, unaofuata vinundu. Huu unasukuma mbele, ule unasukuma nyuma. Kitambaa kinalala bapa, kinakuwa kinene na pande zake zote mbili zinafanana. Kwa skafu ya kwanza hakuna rahisi kama hiki, wala huhitaji kujua kitanzi cha mgongoni. Ukipishanisha kimoja usoni kimoja mgongoni, na mstari unaofuata ukageuza ili kinundu kikae juu ya V, unapata kitambaa cha chembechembe kama punje za mtama. Nacho hakijikunji upande wowote.

Namna ya tatu ni mbavu, na hii kila aliyevaa sweta ya shule anaijua. Tazama pindo la chini na miisho ya mikono yake: kuna mistari ya wima, mmoja umeinuka, mwingine umezama. Watu huita lastiki ingawa hakuna mpira hata chembe. Hapo vitanzi vimepishana kwa safu za wima, mbili usoni, mbili mgongoni. Kila safu inataka kujikunja kinyume cha jirani yake, kwa hiyo kitambaa kinajikunja na kujikunjua kama bati la paa, kinabana. Ukikivuta kinafunguka, ukikiachia kinarudi. Nguvu ileile iliyoharibu skafu yako ndiyo inayoshika sweta kiunoni mwa mtoto.

Kuchanganya vitanzi kwa mkono ni rahisi; kwa mashine kulichukua muda. William Lee wa Uingereza alibuni mashine ya kufuma soksi mwaka 1589, lakini ilifuma kitambaa cha uso mmoja tu. Mbavu za mashine zilisubiri hadi Jedediah Strutt alipopata hataza ya kifaa chake huko Derby mwaka 1759. Miaka 170, kwa ajili ya kinundu.

Kosa linalowatesa wanaojifunza mbavu ni uzi kubaki upande usiofaa. Umefuma viwili usoni, uzi uko nyuma. Kabla ya kufuma cha mgongoni, lazima uupitishe mbele *katikati ya sindano mbili*. Ukiupitisha juu ya sindano ya kulia, umejiongezea kitanzi bila kujua: mstari unaofuata utakuta kitanzi kimoja cha ziada, na chini yake tundu. Hesabu kila mwisho wa mstari kwa sentimita 5 za mwanzo. Baada ya hapo vidole vimezoea. Na ukisahau umefikia wapi, soma kazi yenyewe: ukikutana na V, fuma usoni, ukikutana na kinundu, fuma mgongoni.

Jaribu kwa skafu ya mtoto, ya kufaa baridi ya Juni na Julai kule Njombe au Limuru. Uzi wa unene wa kati, gramu 100, na sindano za milimita 4. Anzisha vitanzi 38. Idadi hii si ya kubahatisha: mbavu za mbili kwa mbili zinataka mafungu ya 4, ukiongeza 2 ili ubavu wa kushoto ufanane na wa kulia. Mstari wa kwanza: 2 usoni, 2 mgongoni, hadi mwisho, umalizie 2 usoni. Mstari wa pili: 2 mgongoni, 2 usoni, umalizie 2 mgongoni. Rudia mistari hiyo hadi urefu wa mita 1, kama mistari 280 hivi. Ikiwa imelegea itakuwa na upana wa sentimita 12 hivi, ingawa vitanzi hivyohivyo bila mbavu vingefika 17. Funga vitanzi kwa kufuata mbavu, V kama V na kinundu kama kinundu, wala usivute uzi. Ukikaza, mwisho wa skafu utabana kama mdomo wa mfuko.

Wengine hutumia spoku za baiskeli badala ya sindano, na zinafaa kabisa zikisuguliwa ncha. Lakini spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2 hivi. Ukiitumia kwa uzi wa unene wa kati, kitambaa kinashonana, kinakuwa kikavu kama mkeka, na vidole vinauma. Spoku ziachie uzi mwembamba.

Vipi kama unapenda uso laini wa V na hutaki mbavu? Zungushia fremu. Fuma mistari 8 ya usoni tupu, kwenda na kurudi, mwanzoni, acha vitanzi 5 vya usoni kila ubavu kwa urefu wote, na umalizie mistari 8 kama ya mwanzo. Fremu nyembamba ya vitanzi 2 haitoshi; itakunjwa pamoja na kitambaa. Kuna mitego miwili. Mistari ya usoni tupu ni mifupi kwa kimo kuliko ya V, kwa hiyo fremu pana ya ubavuni huvuta kingo juu na kitambaa kinafura katikati; dawa ni kufuma fremu peke yake, kwenda na kurudi, mara moja kila baada ya mistari 8 hivi. Fremu ya chini nayo hutanuka kuliko kitambaa kilicho juu yake, ikawa kama rinda. Ifume kwa sindano ndogo zaidi kwa nusu milimita.

Swali linalobaki ni pasi. Uzi wa sufu ukilowekwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 20, ukakamuliwa ndani ya taulo bila kusokotwa, ukatandazwa na kushikizwa kwa pini hadi ukauke, hutulia na vitanzi hujipanga. Ila kujikunja kwa ubavuni hakuondoki. Kunapungua, na baada ya kuvaa mara chache kunarudi. Uzi wa akriliki, ambao ndio umejaa madukani kwa kuwa ni nafuu, hausikii maji. Unasikia joto. Mvuke wa pasi iliyoinuliwa sentimita 3 juu yake huulaza, lakini pasi ikiugusa, uzi unalainika na kupoteza uhai wake wa kuvutika. Skafu italala bapa, naam, kama kitambaa kilicholowa, na hakuna cha kuirudisha.

Kuna wafumaji wasiopigana na mkunjo hata kidogo. Kofia ya mzula ikifumwa kwa mzunguko haina kingo za ubavuni, imebaki na ukingo wa chini tu, na huo unajiviringisha kuja usoni, yaani nje. Ongeza sentimita 4 za vitanzi vya V chini ya kipimo cha kichwa, na ukingo utajikunja wenyewe kuwa mviringo mnene kuzunguka paji la uso. Ukisahau kuziongeza, kofia itapanda juu ya masikio.