Luke Kuechly na kazi ya lainibeka wa kati

Wengi wanaoanza kufuatilia futiboli ya Kimarekani humtambua lainibeka, yule mlinzi wa safu ya pili, kwa vishindo vyake, yaani namna anavyowavaa wapinzani na kuwaangusha. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchambua mikanda ya mechi za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, humpima kwanza kwa zile sekunde chache kabla mpira haujaanzishwa, na kwa kipimo hicho sijaona aliyemzidi Luke Kuechly, ambaye timu ya Carolina Panthers ilimchukua mwaka 2012 akitokea chuo kikuu cha Boston College.

Lainibeka wa kati husimama mita nne hivi nyuma ya walinzi wa mbele, na mara nyingi ndiye anayevaa helmeti yenye redio ya kupokea maagizo ya kocha. Redio hiyo hukatika zinaposalia sekunde 15 kwenye saa inayohesabu muda wa kuanzisha mpira, na kuanzia hapo hana wa kumuuliza. Macho yake huwa kwa wale majitu wanaomkinga kwotabeki, yaani mrusha pasi wa wapinzani: wakiinuka na kurudi nyuma, pasi inakuja, wakisukuma mbele, mpira utabebwa kwa mbio, mmoja akichomoka kwenda kando, aghalabu mkimbiaji atafuata upande huohuo. Kuechly aliyasoma hayo mapema mno, hata vinasa sauti vya uwanjani vikawa vinamnasa akiwatajia wenzake mchezo uliopangwa na wapinzani.

Kwa msimu wa 2013, ambao ulikuwa wake wa pili tu, alitangazwa mlinzi bora wa ligi nzima. Januari 2016 alinasa pasi za wapinzani na kukimbia nazo hadi kufunga katika mechi mbili mfululizo za mtoano, dhidi ya Seattle Seahawks na kisha Arizona Cardinals. Nazithamini pasi hizo mbili kuliko watu wote aliowaangusha, kwa kuwa ni nadra mlinzi kunasa pasi ambayo hakuitazamia.

Kichwa hichohicho ndicho kilichoumia. Alipata mtikisiko wa ubongo katika misimu ya 2015, 2016 na 2017, na Novemba 2016, dhidi ya New Orleans Saints, aliondolewa kwa kigari huku akilia bila kuweza kujizuia. Januari 2020 alistaafu akiwa na umri wa miaka 28, akieleza kwamba bado alitamani kucheza lakini hakuona kuwa ni uamuzi sahihi. Wapo wanaosema aliacha mapema. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwani lainibeka anayechelewa kusoma mchezo, hata kwa nusu sekunde, hufika akiwa hajajiweka sawa, na hapo ndipo kichwa hugongwa tena.